Bustani Nyuma ya Msikiti
(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa msikiti mmoja wa Dar es Salaam kabla ya mkutano mkuu wa mwaka)





Halmashauri ya msikiti imetuomba tuzungumze juu ya kile kipande cha ardhi kilichoko nyuma ya msikiti. Kila mmoja wenu anakijua. Ni matuta kumi na manane ya mchicha, matembele na bamia, mipapai miwili, na mlimao mmoja ambao tangu upandwe haujatupa hata limao moja. Mmesikia pia kwamba limetolewa shauri jingine: bustani iondolewe, zijengwe fremu sita za maduka, na kodi yake ilipe umeme, maji na posho ya walimu wa madrasa. Shauri hilo si baya, wala waliolitoa hawakulitoa kwa nia mbaya. Twalisema hili mwanzoni kwa sababu katika vibaraza vyetu yamepita maneno yasiyopendeza, mara upande huu ukiitwa wapenda fedha, mara upande ule ukiitwa wapenda matope. Sisi wa kamati ya bustani tunao upande wetu na hatuufichi. Lakini tungependa mkutano uamue baada ya kujua mambo, na mengine tutakayoyasema leo hayatusifu sisi wenyewe.

Tuanze na swali jepesi: chakula tunachokula katika mji huu chatoka wapi? Vitunguu vingi vyatoka Mang'ola, wilaya ya Karatu. Nyanya zatoka Ilula na sehemu nyingine za Iringa, viazi Njombe na Mbeya, kabichi Lushoto, mchele Kilombero, Mbarali na Kyela. Usiku kucha malori yapo njiani, na alfajiri matenga na magunia hushushwa Ilala, Mabibo, Buguruni na Temeke. Kabla gunia halijafika gengeni mwa jirani yako limekwisha kupita kwa mnunuzi wa shambani, mwenye lori, dalali na mchuuzi wa jumla, na kila mmoja ana watoto wa kulisha. Hatuwalaumu. Mji uliohesabiwa watu 2,487,288 katika sensa ya mwaka 2002, ukafika watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, hauwezi kula bila watu hao. Lakini kila mkono una gharama yake, na mafuta yakipanda bei au barabara ikikatika, wa kwanza kuliona hilo ni yule anunuaye chakula cha siku moja kwa fedha ya siku moja. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya kusini, mvua zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, na mwenye kujua biashara ya chakula aliona jinsi madaraja machache yanavyoshika maisha ya watu wengi.

Mboga ya majani lakini ina tabia yake. Mchicha uliochumwa asubuhi hunyauka kabla ya Adhuhuri. Haupandi lori la usiku kutoka Njombe na kufika ukiwa mchicha. Kwa hiyo mchicha ni mtoto wa mjini. Tafiti zilizofanywa hapa Dar es Salaam katika miaka ya 1990 zilikadiria kwamba kiasi cha asilimia 90 ya mboga za majani zilizouzwa katika masoko ya mji huu zililimwa humu humu: mabondeni, chini ya nyaya za umeme mkubwa, kandokando ya reli, katika viwanja vya taasisi na nyuma ya nyumba za watu. Mji umejengwa sana tangu wakati huo na nafasi zimepungua, lakini tabia ya jani haijabadilika.

Wapo wasemao kwamba kilimo ni cha shamba, na mji ni wa maduka na ofisi. Wazee wetu hapa watakumbuka vinginevyo. Mwaka 1972 lilitolewa Azimio la Iringa, Siasa ni Kilimo. Baada ya ukame wa 1973 na 1974 ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na watu wa mijini, wafanyakazi wa viwanda na wa ofisi, walihimizwa kulima popote penye nafasi. Serikali haikuona aibu ya mihogo mjini. Mwaka 1992 zikatungwa kanuni za kilimo cha mijini chini ya sheria ya mipango miji, zikiweka kikomo cha ekari tatu kwa mkulima mmoja wa mjini, na ng'ombe wasiozidi wanne, tena wafugwe bandani. Majirani zetu nao hawakulala: Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria yake ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015. Basi anayesema kwamba tuta la mchicha mjini ni jambo la kishamba, tunamwomba asome kwanza.

Na hizo nafasi za wazi tunazozigombania zina historia yake. Wakati wa ukoloni mji huu uligawanywa kwa rangi za watu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, na Waafrika nyuma yao huko Kariakoo. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuwatenga watu hawa na wale, na kisingizio kilikuwa afya. Hivyo twarithi mji ambamo hata uwazi wake ulipangwa kwa dhuluma. Leo twaweza kuupangia kazi iliyo bora zaidi, ikiwa haujaisha kuuzwa.

Juu ya maji na kosa letu

Sasa tuje kwenye yale yasiyotusifu. Mwaka wa kwanza wa bustani hii tulimwagilia kwa maji ya mfereji unaopita nyuma ya ukuta. Maji yalikuwa ya bure, yalikuwa karibu, na mboga zilinawiri kupita kiasi. Tuliwapelekea wagonjwa na wajane. Tulijisifu. Baadaye mmoja wa vijana wetu, anayesomea maabara, alituuliza swali moja tu: mfereji ule waanzia wapi? Tulifuatana naye. Tulipita gereji mbili za magari, mahali pa kurekebisha betri, na mabomba matatu ya vyoo. Tulirudi kimya.

Haya si mambo ya kubuni. Mto Msimbazi waanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, wapita katikati ya mji na kuingia baharini karibu na daraja la Salender, na njiani hupokea maji ya viwandani, ya machinjio na ya majumbani. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya kupima mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, nao waliyakuta ndani ya majani madini mazito, yakiwemo risasi na kadimiamu. Tafadhali lieleweni jambo hili vizuri, hasa akina mama wapikao. Kuosha huondoa mchanga na vumbi. Kupika huua vijidudu vya kuhara. Lakini risasi iliyopanda kupitia mizizi na kuingia ndani ya jani haioshwi wala haipikiki ikatoka, na inayemdhuru zaidi ni mtoto mdogo, kwa kuwa hudhuru ubongo ungali ukikua. Petroli yenye risasi iliachwa katika nchi zote za kusini mwa Sahara ifikapo mwanzoni mwa mwaka 2006, lakini risasi iliyokwisha kuanguka kandokando ya barabara kubwa haikuondoka na petroli ile. Hukaa udongoni.

Tuliacha mfereji siku ile ile. Tuling'oa kila kilichokuwamo, tukakifukia mbali bila kumpa hata kuku, na tuliwaendea wote tuliowapa mboga tukawaeleza. Ilikuwa siku ngumu. Mzee mmoja alituambia kwamba amekula mboga za mtoni tangu mwaka 1968 na yuko hai. Tulimshukuru, lakini hatukumpelekea tena. Wengine walikasirika, nao walikuwa na haki.

Ndipo likaja wazo la maji ya udhu, nalo halikutoka kwetu bali kwa mama mmoja anayefagia msikiti, aliyekuwa akiyaona yakipotea kila siku. Tulipima kwa ndoo muda wa juma moja. Mtu mmoja afunguapo bomba kwa udhu hutumia lita tatu hadi tano. Hapa tutoke nje ya mada kidogo: Mtume s.a.w. alitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofikia lita moja, nasi twatumia mara tano yake kisha twalalamikia ankara ya maji. Tuendelee. Kwa sala tano za siku ya kawaida msikiti wetu hupata watu mia tatu hivi wanaotawadha hapa, na hivyo lita mia tisa au zaidi. Tuta la mita moja kwa kumi lahitaji lita hamsini hivi kwa siku wakati wa kiangazi. Matuta kumi na manane ni lita mia tisa. Tulipoona hesabu hizi mbili zikikutana, tulitazamana.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wanasema kwamba maji yaliyotumika kwa udhu wa faradhi hayatwaharishi tena, lakini yenyewe ni tohara. Hakuna ubaya kuyamwagilia mboga. Tulitenga bomba la udhu na bomba la choo, jambo lililogharimu fedha na siku nne za fundi, tukaweka tangi la lita elfu mbili lenye kifuniko. Kifuniko si pambo. Maji yaliyotuama wazi katika visima na mifereji ya bustani huzaa mbu wa malaria, na jirani ana haki ya kutushtaki tukimzalishia mbu kwa jina la kumpa mboga. Tuliomba pia sabuni ihamishiwe kwenye sinki la pembeni. Baadhi yenu bado mwaosha miguu kwa sabuni kwenye mabomba ya udhu. Mlimao wetu umelifahamu hilo kabla yenu.

Udongo nao tuliuondoa kina cha kisigino na zaidi, tukaleta mwingine pamoja na samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi mitatu. Twatengeneza mboji kwa maganda ya ndizi na mabaki ya mama ntilie walioko mtaani, ambayo zamani yalitupwa katika mfereji ule ule.

Ardhi bila karatasi

Wengi wenu hamjui kwamba bustani hii ni ya pili. Ya kwanza ilikuwa katika kiwanja kikubwa cha wazi, mwendo wa dakika kumi kutoka hapa, tulichoruhusiwa kukitumia na ofisi moja ambayo hatutaitaja. Ruhusa ilikuwa ya mdomo. Tulipouliza juu ya barua tuliambiwa kwamba sisi ni watu wa dini, barua za nini. Tulilima miaka mitatu pamoja na majirani, Waislamu na Wakristo, kila familia tuta lake. Asubuhi moja lilikuja katapila. Bamia zilikuwa zimeanza kuzaa. Dereva wa katapila, Mungu amjalie, alisimama nusu saa ili akina mama wachume walichoweza, ingawa aliyemtuma alikuwa akimpigia simu. Leo pale pana ukuta, geti na mlinzi, na hatujawahi kujua kwa hakika ni nani aliyeuza na ni nani aliyenunua.

Twaeleza haya kwa sababu ndilo tatizo la wakulima wote wa mji huu. Mwenye kulima bondeni anajua kupanda, anajua wadudu, anajua soko. Asichokijua ni kama kesho atakuwepo. Asiyejua kama atakuwepo kesho hapandi mti, hachimbi kisima safi, haleti samadi ya miezi mitatu. Hupanda cha siku ishirini na moja na kumwagilia maji yaliyo karibu. Hivyo uchafu wa mboga na udhaifu wa haki ya ardhi vyatoka katika shina moja. Katika bonde la Msimbazi lenyewe, baada ya mafuriko ya mara kwa mara, mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi mkubwa wa kuliboresha bonde, na familia nyingi zimehamishwa kutoka sehemu za chini. Kuwaondoa watu katika njia ya maji ni jambo la lazima, sisi tuliowazika jamaa waliochukuliwa na mafuriko hatulipingi. Lakini aliyekuwa akilima tu, asiye na nyumba pale, huhesabiwaje? Tuta halina bati wala tofali.

Wanyonge wa mji huu wamewahi kudai haki yao ya mazingira na kuipata. Wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu katika miaka ya 1980 dhidi ya halmashauri ya jiji kwa sababu ya jaa la taka lililokuwa likiwafukiza moshi, na mwaka 1988 mahakama iliwapa haki. Hawakuwa matajiri. Walikuwa na hoja, nayo iliandikwa.

Wengine nje ya nchi yetu wamelitatua suala hili kwa namna zao. Mji wa Rosario, nchini Argentina, baada ya uchumi wa nchi ile kuanguka mwishoni mwa 2001, ulianzisha mwaka 2002 mpango wa kuwapa familia maskini ardhi ya umma iliyokaa bure, wailime bila dawa za sumu na kuuza katika masoko ya mji. Huko Istanbul yalikuwako tangu zama za kale mashamba ya mboga chini ya kuta za mji, mahali paitwapo Yedikule, maarufu kwa saladi yake. Yalidumu katika zama za Warumi wa Mashariki na za Waosmani, kisha mwaka 2013 katapila zikafukia sehemu yake. Mambo ya katapila ni yale yale kila mahali.

Mfano unaotajwa zaidi ni Havana, mji mkuu wa Cuba. Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika mwaka 1991, Cuba ilikosa ghafla mafuta, mbolea na chakula ilichokuwa ikikipata kwa masharti nafuu. Matrekta yalisimama. Watu wa Havana walianza kulima katika viwanja vitupu, hata juu ya sakafu za saruji, kwa kujenga matuta yaliyoinuliwa yenye kingo na kuyajaza mboji. Mwaka 1997 lilianzishwa shamba la ushirika la Alamar, mashariki mwa mji, ambalo lilikua hadi hekta kumi na zaidi katikati ya majengo ya ghorofa. Tumeyatumia matuta yao ya kuinuliwa katika upande wetu wa kaskazini, ambako udongo hatuuamini. Lakini tusidanganyane: Cuba hata leo huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya chakula chake, na watu wake wamepanga foleni nyingi. Bustani za mjini hazikuwapa mchele wala ngano. Ziliwapa majani, na watoto walipata majani hayo wakati ambapo kulikuwa hakuna kitu kingine cha kijani. Nasi hatudai zaidi ya hilo. Ugali wetu utaendelea kutoka mbali.

Fremu au matuta

Basi tufanye hesabu wazi. Fremu sita, kwa kodi ya shilingi 150,000 kila moja kwa mwezi, ni shilingi 900,000. Bustani hutoa wastani wa mafungu 700 kwa mwezi. Mafungu 230 tunayagawa bure kwa nyumba ishirini na nne za wajane, wazee na wagonjwa. Yaliyobaki tunawauzia majirani na akina mama wa magenge kwa shilingi 300, nayo ni shilingi 141,000. Tukiondoa mbegu, samadi na posho ya kijana anayemwagilia, kinachobaki hakitoshi hata umeme. Kwa fedha, fremu zashinda, na mwenye kusema vinginevyo hajui kutoa na kujumlisha.

Lakini mambo matatu hayamo katika hesabu hiyo. La kwanza ni hati ya wakfu. Ardhi hii ilitolewa na bibi yetu marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, na katika waraka wake aliandika kwamba ni kwa ajili ya sala na manufaa ya majirani. Katika sheria yetu sharti la mwenye kuweka wakfu huheshimiwa, wala hatuna ruhusa ya kuligeuza kwa sababu tumepata wazo lenye faida. Je, fremu ya kuuza simu ni manufaa ya majirani? Yawezekana ikawa, kwa kuwa kodi yake yamlipa mwalimu anayewafundisha watoto wao. Twakubali kwamba neno hilo lina upana. Lakini hakusema manufaa ya msikiti. Alisema majirani, na wengi wa majirani hao si wa dini yetu. Tunawaomba masheikh wetu walitazame neno hilo kabla ya mkutano na watuambie, nasi tutakubali watakalolisema hata likiwa dhidi yetu.

La pili ni mvua. Nyuma ya msikiti ndipo mahali pa pekee katika mtaa huu ambapo maji bado yanaingia ardhini. Katika mvua kubwa za mwishoni mwa 2023 na masika ya 2024, nyumba tatu zilizoko chini yetu ziliingiwa na maji mpaka kwenye vitanda, hata kama bustani ilikuwepo. Tukiweka saruji na mabati juu ya kipande chote, maji yote ya paa yatakwenda kwao. Kuna jirani mwenye kiharusi katika nyumba ya kwanza.

La tatu ni gumu kulitia katika namba. Katika jioni ya kumwagilia, watoto wa madrasa huja na makopo yao. Wapo waliodhani kwamba mchicha hutoka gengeni kama chumvi. Baba mmoja asiyekuwa Mwislamu huja kusaidia kila Jumamosi tangu bustani ya kwanza ivunjwe. Alipoteza tuta lake siku ile ya katapila, nasi tulimpa jingine hapa. Hatukumwahidi karatasi. Hatuna.

Ndiyo maana twaleta pendekezo la katikati. Fremu mbili zijengwe upande wa barabara, mahali ambapo sasa pikipiki huegeshwa, na kodi yake, shilingi 300,000, iende madrasa. Matuta yabaki. Aidha, kila familia inayolima, yetu au ya jirani, ipewe barua ya mwaka mmoja yenye muhuri wa msikiti na saini ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, inayoweza kurudishwa upya, na inayotaja kwamba haitaondolewa kabla ya kuvuna alichokwisha kupanda. Hatutaki sisi tuwe ile ofisi ya barua za nini.

Imeulizwa mara nyingi kama bustani yatolewa zaka. Jibu fupi: wanazuoni wa Shafi na wengi wengine huwajibisha zaka katika nafaka na mazao ya chakula yanayohifadhika, yakifika wasaki tano, ambazo hukadiriwa kuwa karibu kilo 650, ni sehemu moja ya kumi kwa zao la mvua, na moja ya ishirini kwa lililomwagiliwa kwa taabu. Mboga za majani hazimo kwao. Imamu Abu Hanifa aliwajibisha katika kila kitokacho ardhini. Sisi tumeona tusiingie katika mzozo huo, kwa kuwa theluthi tuigawayo imezidi kote kuwili.

Kwa wasio na hata upenu wa ardhi, na hao ndio wengi katika nyumba za kupanga, ipo njia ya gunia. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, njia hii ilienea sana baada ya machafuko ya mwanzoni mwa 2008. Chukua gunia la kawaida ambalo halikubeba mbolea ya chumvichumvi wala dawa. Simamisha katikati yake kopo refu lisilo na kitako, ulijaze kokoto. Pembeni ya kopo jaza udongo uliochanganywa na samadi. Lipandishe kopo kidogo kidogo kadiri udongo unavyopanda, hata kokoto zifanye nguzo kutoka chini hadi juu. Kwa nguzo hiyo maji hufika kila mahali. Kisha toboa matundu ubavuni na upande miche ya sukuma wiki au mnafu, na juu panda kitunguu cha majani. Gunia moja huchukua miche thelathini hata arobaini, na maji ya kuoshea mchele yatoshea sehemu yake kubwa. Liwekwe mbali na barabara ya magari na mbali na kuku wa jirani. Jambo la pili limetugharimu zaidi ya la kwanza.

Mkutano mkuu ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao baada ya sala ya Adhuhuri. Nakala ya waraka wa wakfu imebandikwa kwenye ubao karibu na mlango wa akina mama, pamoja na hesabu zote tulizozitaja. Anayeona tumekosea kujumlisha, na amwone mhazini kabla ya siku hiyo. Marando ya matembele yapo tayari, kila familia yaweza kuchukua fungu moja Jumamosi hii kuanzia saa kumi jioni. Aje na kisu chake, kwa maana vile vya bustani vimekwisha kupotea.